Zumba tumeletewa, mashine ya presha tumeletewa, ofu bado zinakatwa

Shuka_Nyeupe

Assalamu alaykum wanajukwaa. Uzi ni mrefu, mwenye haraka zake apite salama.

Mie ni supavaiza wa vyumba kwenye hoteli moja ya mwambao wa mashariki, Unguja. Hoteli siitaji, na wanaonijua wanisitiri. Mwaka juzi wenye hoteli, ambao ofisi yao iko nje, walituletea mpango wa afya na ustawi wa wafanyakazi. Bango likabandikwa mlangoni mwa kantini: mwanamke wa kizungu kakunja miguu ufukweni, kafumba macho. Chini yake wameandika tutakayopata: kupimwa presha na sukari kila baada ya miezi mitatu, zumba Jumatano, mshauri nasaha mara moja kwa mwezi, na matunda asubuhi badala ya maandazi.

Sina ugomvi na hata kimoja hapo. Presha inatumaliza, kila nyumba ina mtu wa vidonge. Mara ya kwanza foleni ya kupimwa ilitoka nje ya mlango. Mara hii ya karibuni wamekuja watu wa ofisini na walinzi, basi. Ripoti iliyopelekwa juu inasema wafanyakazi hawana mwamko wa afya. Mstari huo ndio ulionileta hapa, kwa sababu mie nilikuwepo na nimeona mwamko ulivyouawa.

Meza ya kupimia waliiweka kantini, saa ya chakula. Mpimaji anasoma namba kwa sauti, kijana wa utumishi anaandika kwenye kaunta buku: jina, idara, presha, sukari, uzito. Uzito, jamani, mbele ya wanaume wa jikoni wenye midomo yao! Kufika alasiri hoteli nzima inajua nani ana 180 kwa 110. Sasa kuna mama mmoja wa londri, mtu wa kazi hasa, namba zake zilikuwa hizo. Haukupita muda akahamishiwa kukunja taulo za bwawa, "kazi nyepesi kwa ajili ya afya yako". Labda nia ilikuwa njema. Lakini kule hakuna zamu za usiku, na posho ya usiku ndiyo iliyokuwa ikilipia mambo ya skuli ya watoto wake. Alikubali kupimwa, pesa yake ikapungua. Nani atajipeleka tena?

Zumba nayo ilipangwa saa kumi na moja jioni, kwenye majani mbele ya bwawa, mwalimu kijana wa kiume, wageni wamekaa na glasi zao wanapiga picha. Wasichana wangu wengi ni wa Jambiani na Makunduchi, na mitandio yao. Hawakutokea. Wasichana hao hao siku zao za mapumziko wanakimbia alfajiri na kikundi cha wanawake wa kijijini kwao, na Januari 1, siku ya mazoezi ya kitaifa, wanakwenda mjini na fulana za kikundi. Leo tunaambiwa hawapendi mazoezi.

Yote hayo nayasamehe. Lisilosameheka ni ofu, siku ya mtu ya kupumzika. Ratiba inatoka Jumamosi usiku kwa wiki inayoanza Jumapili. Ofu yako Jumanne, Jumatatu usiku simu inalia: "Dada, kesho cheki-auti ni arobaini, tusaidie." Anayepiga ni mtu uliyekaa naye matangani, mtoto wake umemkosha wewe. Ukikataa, una kiburi. Ukikataa, vyumba vyako vinabebwa na mwenzako ambaye mgongo wake pia unauma. Basi kila mtu anaona muhali, ile haya ya kumkatalia mtu, anakwenda. Uongozi unaujua muhali wetu na unautumia kama mtambo: hakuna aliyelazimishwa, hakuna saini, kwenye karatasi kila kitu kiko sawa.

Ninavyoona mie, mpango wa afya ukiletwa kazini unakaa juu ya desturi zilizokuwepo. Kama kazini kwenu anayesema "naumwa" huitwa mvivu, mashine ya presha itakuwa chombo cha kuwatambua wavivu. Naomba maoni ya mahoteli mengine, maofisi ya serikali, na ndugu zetu wa Pemba.


Kijana_wa_Bububu

Kwetu matunda yalikuwa matikiti yaliyobaki kwenye bufe la wageni jana yake. Watu wote wakahamia kwa mama wa chapati nje ya geti. Mpango wa ustawi umemfaa yule mama, keshanunua meza ya pili.


AfisaUtumishi

Dada Shuka, nimekusoma mpaka mwisho. Mie ni afisa utumishi, hoteli nyengine, upande wa kaskazini. Na sie tusikilizwe.

Kwanza, pesa za mipango hii zinatoka nje na masharti yake. Naulizwa wangapi wamepimwa, wangapi wamehudhuria. Sijawahi kuulizwa ofu ngapi zimekatwa. Mtu hujaza kile anachoulizwa.

Pili, huyo mama wa londri. Ukimwacha mbele ya mashine za kukaushia na presha ile, akianguka mtasema nini? Mtasema uongozi ulijua ukanyamaza.

Tatu, na hili mtanisamehe, muhali ni wetu wenyewe. Uongozi haukuuleta. Nina masupavaiza wanaoficha uchovu wa watu wao kwa sababu hawataki kuonekana wameshindwa. Niliweka sanduku la maoni, lina kufuli, ufunguo ninao mie peke yangu. Baada ya muda mrefu nikalifungua, nikakuta karatasi mbili. Moja inaomba mkopo. Ya pili imeandikwa "Mungu anawaona".


Shuka_Nyeupe

Kaka Afisa, aliyeandika "Mungu anawaona" alikuwa na la kusema, ila aliona ufunguo unao wewe.

Kuhamishwa kwa yule mama sikatai. Mngemwachia posho yake mpaka dawa zimkae sawa, watu wangeona kwamba kupimwa kunamlinda mtu. Walichokiona ni kwamba kunampunguzia.


NesiMstaafu

Wanangu, mie nimestaafu unesi, nimekaa mahospitalini na baadaye zahanati ya kampuni moja, kwa hiyo naona pande zote mbili.

Nianze na ile meza ya kantini, maana imenikera. Mtu katoka kusukuma toroli, kanywa chai nzito, mkojo umembana, anacheka na wenzake, halafu unamfunga mkanda wa presha na kumwandikia namba. Hiyo siyo presha ya kumhukumia mtu. Mkalishe kimya dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu yote miwili chini bila kupishana, mkono umelazwa usawa wa moyo, asizungumze. Pima mara mbili. Ikiwa juu, arudi siku nyengine apimwe tena kabla hujamwambia ana ugonjwa. Namba kama ile ya mama wa londri ni ya kumpeleka kwa daktari siku ile ile, siyo ya kumpeleka kwenye taulo.

Kupima kwenyewe kuna maana sana hapa kwetu, msije mkatupa mtoto na maji ya kuogea. Uchunguzi wa maradhi yasiyoambukiza uliofanywa Zanzibar 2011 ulikuta kama theluthi moja ya watu wazima wana presha ya juu, na wengi wao walikuwa hawajijui. Presha haina kelele, unaisikia siku ya kiharusi. Kwa hiyo mtu akigoma kupimwa kwa sababu ya kaunta buku, hasara ni ya roho yake.

Siri ya mgonjwa hapa kwetu ina uzito wa aina yake. Mji wenyewe mdogo. Mpimaji ni binamu wa shemeji yako. Ukikutwa na sukari, posa ya bintiyo inaweza kuingia maneno. Na huyo mshauri nasaha ndiyo kabisa: chumba chake kikiwa karibu na mapokezi, nani ataingia? Kesho wataambizana fulani kafika Kidongo Chekundu. Kule ni hospitali ya maradhi ya akili, hospitali kama nyengine, na watu wanatoka wamepona, lakini jina lake limefanywa tusi tangu mimi mdogo. Mshauri akae zahanati, pahala ambapo mtu anaweza kusema nimefuata panadoli.


Jikoni_Joto

Bi Nesi, kwa heshima yako, hapo penye panadoli umemaliza kila kitu.

Mie mpishi. Kwetu wiki ya ustawi ya kampuni iliangukia Ramadhani, kwa sababu kalenda inatoka Ulaya. Saa tano asubuhi wameleta juisi za kijani na ngoma. Sie tumefunga, tumesimama mbele ya majiko, kijana mmoja asiyefunga ndiye anayetuonjea chumvi. Juisi wakanywa wageni.

Lakini nataka niseme na lililofaa, maana nyuzi hizi hugeuka vilio. Tulipata mpishi mkuu mpya, Mswahili mwenzetu. Hakuleta bango. Aliweka benchi nje ya mlango wa nyuma, chini ya kivuli, feni ukutani, ndoo ya maji ya kunywa yenye bomba. Akasema kila mtu akae pale dakika kumi kila saa zile za joto kali, kwa zamu, na asiombe ruhusa. Wiki ya kwanza hakukaa mtu. Nani atakaa wenzake wanakaanga? Kila mmoja anamtazama mwenzake. Basi akatoka yeye mwenyewe, oda zimejaa, akakaa na kikombe chake, kila mtu anamuona kupitia dirisha la kuoshea vyombo. Akafanya hivyo siku baada ya siku mpaka vijana wakaanza kutoka. Leo benchi lile halikauki mtu. Hakuna aliyezimia kwa joto tangu limewekwa, na huko nyuma kila Februari lazima tumbebe mmoja.

Gharama yake ni benchi na feni.


Mbara_Kiwengwa

Wakuu, mimi natokea Bara, nafanya kazi Kiwengwa, nalala kota za wafanyakazi. Sisi wa kota hatuna hata huo muhali wa matanga, lakini tunakatiwa ofu kuliko nyinyi, kwa sababu tuko pale pale. Wanagonga mlango tu. Zamu ya kukatwa ndiyo mbaya zaidi: asubuhi mpaka saa tano, halafu unarudi saa kumi na mbili jioni mpaka usiku. Huku katikati unakaa chumbani watu wanne, joto, simu.

Kwa nini msiwapigie OSHA, wale wakala wa usalama na afya kazini?


AfisaUtumishi

Ndugu yangu, OSHA ni ya Bara, huku haina mamlaka. Mambo ya kazi si ya Muungano. Zanzibar tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini Na. 8 ya 2005 na Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka huo huo, na malalamiko yanakwenda kwenye idara za kazi za Serikali ya Mapinduzi. Kwenye bima pia msichanganye: NHIF ni ya kwenu, huku tuna Mfuko wa Huduma za Afya, ZHSF, wenye sheria yake ya 2023. Nalisema hili kwa sababu nimeona hoteli imebandika namba za simu za Dar kwenye ubao wa usalama. Mtu akiungua mafuta anapiga simu isiyomhusu.


MtafitiMdogo

Salamu. Nasoma chuo, Tunguu, na mada hii nimeisoma kidogo, nichangie kwa faida ya wote.

Anayoyasema dada Shuka yamepimwa kwengine. Mwaka 2019 Zirui Song na Katherine Baicker walitoa matokeo ya jaribio kwenye kampuni ya maduka Marekani, wafanyakazi karibu 33,000 kwenye vituo 160. Vituo 20 vilichaguliwa kwa bahati nasibu vikapewa mpango wa ustawi: masomo ya lishe, mazoezi, msongo wa mawazo. Baada ya miezi 18 watu wa vituo vile walisema wanafanya mazoezi zaidi na wanaangalia uzito wao. Lakini presha, lehemu (kolesteroli), uzito wenyewe, gharama za matibabu na utoro kazini havikutofautiana na vituo ambavyo havikupewa kitu.

Halafu 2024 William Fleming wa Oxford alichapisha uchambuzi wa wafanyakazi 46,336 katika taasisi 233 za Uingereza. Waliokuwa wanatumia programu za simu za kutuliza akili, mafunzo ya kuhimili msongo, semina za usingizi, hawakuwa na hali bora kuliko wenzao wasiotumia. Kilichoonekana kuwa na nafuu kidogo ni kazi za kujitolea. Tahadhari: ile ni picha ya wakati mmoja, haimfuati mtu mmoja miaka na miaka, kwa hiyo isibebeshwe zaidi ya uwezo wake.

Na kuhusu ofu, Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) walikokotoa 2021 kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa maradhi ya moyo kwa asilimia 17, ukimlinganisha na wa saa 35 hadi 40. Sasa hesabuni: siku sita za saa nane ni 48. Kata ofu, unafika 56. Kwa hiyo hoteli inayompima mtu presha huku inamkatia ofu inatafuta kwa mkono wa kulia kile inachokipandisha kwa wa kushoto.

Kuna na kazi ya Michael Marmot juu ya watumishi wa serikali wa London, ile ya Whitehall. Wote wa maofisini, wote na matibabu ya umma, lakini kadiri cheo kinavyoshuka vifo vya moyo vinapanda. Uvutaji sigara na mengine ya namna hiyo yalieleza sehemu tu ya tofauti. Baadaye ikaonekana kwamba kukosa kauli juu ya kazi yako, lini uifanye na vipi uifanye, nako kumo. Benchi la Jikoni_Joto ndilo hilo: amepewa dakika kumi ambazo ni zake.


Kijana_wa_Bububu

Mtafiti umeandika mpaka bando langu limeisha. Lakini hesabu ya 56 nimeipiga picha.


Mpemba_Halisi

Assalamu alaykum. Mie ni mtumishi wa serikali, Chake. Nyinyi wa mahotelini mnalia na muhali unaowabana, hebu na mie niwape wa upande mwengine.

Ofisini kwetu hakuna zumba wala bango. Mkuu wetu ni mtu wa huruma, Mungu ampe umri. Ukimwambia una msiba, nenda. Una mgonjwa hospitali ya Abdalla Mzee, nenda Mkoani kamuuguze. Harusi, nenda. Msimu wa karafuu ukiingia watu wana mashamba yao, nendeni. Hakatai mtu. Kwa sura ya nje hapa ndipo kazini penye afya kuliko pote visiwani.

Njoo uangalie nani yupo mezani. Ni wale wale watatu. Mmoja hana watoto, mmoja hana shamba, wa tatu ni mie, ambaye sijui kutunga udhuru. Mafaili ya watu wote yanatulalia, na wananchi wanatukana sie kwa sababu ndio tunaoonekana. Yule asiye na watoto ameanza kupata maumivu ya kichwa yasiyokwisha. Nimemwambia amueleze mkuu, kasema atamwambiaje mtu mwema kama yule? Kwa bosi mkali utalalamika pembeni na wenzio. Kwa bosi mpole huna hata wa kulalamika naye, unaonekana huna utu.

Ndiyo maana mie hili la "utamaduni mzuri" silimezi haraka. Upole nao unahitaji daftari. Nani kaondoka, nani kabeba, na mbebaji atalipwa lini.


Shuka_Nyeupe

Mpemba, hapo umenifungua. Sikuwa nimelifikiria upande huo hata kidogo, na nadhani daftari lako na langu ni moja. Nitaeleza chini.


Bi_Mwani

Jamani na sisi tusio na bosi tuseme? Mie mkulima wa mwani, Paje. Kazini kwetu ni baharini. Ratiba yetu anaitoa mwezi: bamvua ikifika, bahari ikatoka mbali, tunashuka, maji yakijaa tunapanda. Unainama saa kadhaa, maji yamekufika mapajani, unafunga mwani kwa taitai kamba baada ya kamba. Mgongo, macho kwa mng'aro wa jua, miguu na miba ya shokomzoba. Siku hizi maji yamekuwa ya moto na mwani unakufa karibu na pwani, tunalazimika kwenda kina kirefu, na wengi wetu kuogelea hatujui.

Kikundi chetu kina desturi yake. Mwenzetu akijifungua, kamba zake tunazifunga sisi mpaka atoke arubaini. Hakuna aliyetufundisha, na ni bora kuliko bima. Lakini desturi hiyo hiyo ndiyo iliyompeleka mwenzetu mmoja baharini na homa, kwa sababu bamvua iliyopita tulimfungia, akaona aibu kutufanyisha kazi mara mbili. Alianguka majini. Tulimnyanyua, alhamdulillah. Tulimgombeza sana, na mie najua ningekuwa yeye ningeshuka vile vile.

Walikuja watu na semina ya usalama wakatupa viatu vya mpira. Vizuri, ila vya saizi za wanaume. Vinajaa mchanga, unatembea kama umefungwa mawe. Sasa vimepandwa mchicha. Hawakuuliza mguu wa mtu.


NesiMstaafu

Bi Mwani, viatu vile nimevicheka na vimeniuma. Tafuteni vile vya kitambaa kinene chenye soli ya mpira, vinavyobana kifundo. Na kwa macho, kofia ya ukindu yenye ukingo mpana ni dawa ya kweli, tena mnazisuka wenyewe.


AfisaUtumishi

Dada Shuka umesema utaeleza daftari. Tueleze. Mie nimekuja kutafuta cha kufanya, lawama ninazo za kutosha.


Shuka_Nyeupe

Haya. Hili nimelifanya kwenye idara yangu tu, hoteli nzima siwezi.

Mlango wa stoo ya mashuka, kwa ndani, nimetundika karatasi yenye mistari. Ofu ya mtu ikikatwa tunaandika: jina la aliyekatiwa, tarehe, jina la aliyeomba akatiwe, na tarehe atakayorudishiwa. Ile safu ya tatu ndiyo yenye kazi. Zamani aliyeomba hakuonekana. Simu ilikuwa inapigwa na mie, lakini mie nimeambiwa na meneja wa vyumba, naye kaambiwa na mapokezi walioruhusu wageni kuondoka kwa kuchelewa. Sasa kila jina linaandikwa, na la kwangu limo.

Mwezi wa mwanzo jina la meneja wa vyumba lilijaa safu nzima. Aliingia stoo kuchukua foronya, akasimama akasoma. Hakusema neno. Baada ya hapo simu za usiku zikapungua. Hakuna sheria mpya iliyopitishwa. Muhali ule ule, ila sasa unamshika na anayeomba: anaona tabu jina lake kuandikwa mara ya tano kwa mtu yule yule. Nusu ya hizo cheki-auti arobaini kumbe zingeweza kuanza saa tatu badala ya saa tano, ikitokea mtu kauliza mapokezi.

Na kwa maneno ya Mpemba, nimeongeza safu kwa wanaoomba ruhusa wenyewe. Ukienda msibani tunakuombea dua na tunaandika nani kabeba vyumba vyako. Ukirudi unajua deni lako ni kwa nani. Wazee wawili walinung'unika kwamba naandika deni la msiba. Nikawaambia ya matangani pia huandikwa, kuna daftari la michango. Wakacheka.

Kitu kingine, kila asubuhi kabla ya toroli kutoka ninauliza: leo nani mwili hauko sawa? Mwanzo kimya. Nikaanza kwa kusema la kwangu, goti. Sasa watu wanasema, na mwenye mgongo anapewa vioo na vumbi, magodoro anashika mwengine. Mtu hahami idara, hapotezi posho.


Mbara_Kiwengwa

Dada, kwetu karatasi hiyo ingekaa ukutani saa moja, halafu wewe ungeitwa ofisini.


Shuka_Nyeupe

Inawezekana. Mie nina miaka mingi pale na wananihitaji msimu wa Julai na Agosti, hilo nalijua na wao wanalijua. Kijana aliyeanza jana asijaribu peke yake. Aanze na chama cha wafanyakazi kama kipo, au watu wa zamu moja wakubaliane waende pamoja.


AfisaUtumishi

Nimekubali kwenye karatasi. Sasa Bi Nesi, nisaidie kwenye upimaji. Nikihamishia zahanati, ofisi kuu bado itataka namba. Niwape nini?


NesiMstaafu

Wape jumla, mwanangu. Wangapi wamepimwa, wangapi wamepewa rufaa, wangapi waliorudi baada ya rufaa. Majina yabaki kwa muuguzi. Na angalia idara ndogo: ukiandika "bustani, mmoja ana sukari" na bustani ina watu watatu, umeshamtaja. Idara kama hizo zichanganye pamoja. Akihitaji kubadilishiwa kazi, daktari aandike nini asifanye na kwa muda gani, ugonjwa asiutaje. "Asinyanyue mizigo mizito kwa wiki sita." Meneja hahitaji zaidi ya hapo.

Na wapime siku ya mshahara. Siku hiyo hakuna anayekosa kazini.


AfisaUtumishi

Na kaunta buku la zamani? Na mie ninalo, la miaka miwili, lipo juu ya kabati ofisini. Nilichome?


NesiMstaafu

Usichome! Humo mna watu wenye presha ambao huenda hakuna aliyewafuatilia. Lipeleke zahanati likae kabati la kufuli, muuguzi awaite mmoja mmoja. Ila lifunike njiani, na lisibebwe na dereva.


Jikoni_Joto

Na ofu, kaka Afisa?


AfisaUtumishi

Ofu nitaipeleka kikao cha wakuu wa idara Jumatatu, pamoja na ile hesabu ya saa 56. Mapokezi watanipinga, nawajua. Nitarudi hapa kusema ilivyokwenda.


Shuka_Nyeupe

Nimekutumia picha ya karatasi yetu inboksi. Majina nimeyafuta, yako mistari tu. Safu ya tatu usikubali waitoe.